Ramazzini, daktari aliyeuliza kazi

Nenda zahanati yoyote na kikohozi. Utaulizwa jina, umri, unakaa wapi na kimeanza lini. Pale kwenye kazi mara nyingi wanajaza neno moja tu, mkulima, hata kama mgonjwa ana miaka kumi hajashika jembe. Aliyepigania kwamba kazi ya mgonjwa iulizwe vizuri alizaliwa mwaka 1633 huko Carpi, mji mdogo kaskazini mwa Italia. Ni Bernardino Ramazzini. Wenzetu wa udaktari wanamjua kama baba wa tiba ya magonjwa ya kazini. Mimi nasoma ualimu, nimefika kwake kupitia mawe.

Alisomea falsafa na tiba Parma, akahitimu mwaka 1659, akapitia Rome, kisha akawa daktari wa vijijini upande wa Viterbo. Huko malaria ikamkamata vibaya (ndiyo, malaria, Italia ya enzi hizo ilikuwa nayo tele) ikabidi arudi kwao. Mwaka 1671 alihamia Modena, ambako aligombana sana na baadhi ya madaktari wenzake, na mwaka 1682 akawa profesa wa chuo kikuu cha pale.

Kilichombadilisha maisha ni choo. Siku moja mtapishaji alikuwa anatapisha choo cha nyumbani kwake, na Ramazzini akaona jinsi yule mtu anavyofanya haraka kama anafukuzwa. Akamuuliza kwa nini asipumzike kidogo. Yule bwana akamweleza kwamba asiyewahi kushuka mle hawezi kuelewa, na kwamba mtu akizidisha saa nne shimoni anaweza kupofuka. Profesa mwingine angecheka akaingia ndani kula. Ramazzini alisubiri yule mtu apande, akamkagua macho, akayakuta mekundu na yamefifia. Halafu akawatafuta watapishaji wengine pale mjini, akakuta ni hivyo hivyo.

Kuanzia hapo akawa anaingia kwenye karakana, profesa mzima, kuwauliza mafundi na vibarua wanaumwa nini. Mwaka 1700 alitoa kitabu cha Kilatini kuhusu magonjwa ya watu wa kazi, chenye kazi zaidi ya 40: wachimba madini, wafinyanzi, wakunga, wavuvi. Hata wasomi aliwaweka, kwa ugonjwa wa kukaa mno na kukesha, kwa hiyo wadesaji wa usiku wa manane tusijione tumepona. Na kwenye yale maswali ya mgonjwa yaliyorithiwa kutoka kwa Hippocrates, akaongeza moja: unafanya kazi gani?

Sura ya wachonga mawe ndiyo iliyonishika. Alieleza kwamba wanavuta vipande vyenye ncha kali vinavyoruka kutoka kwenye jiwe, wanakohoa, wanabanwa pumzi, wanakonda. Alitegemea pia habari za Diemerbroeck, daktari wa Utrecht, aliyepasua maiti za wachonga mawe waliokufa kwa kubanwa pumzi. Kisu kilipita kwenye mapafu kama kinakata mchanga. Kuna na fundi mmoja aliyemsimulia Diemerbroeck kwamba vumbi lile ni laini kiasi cha kupenya kibofu cha ng'ombe kilichotundikwa karakanani, hata mwaka ukiisha mnakutwa ujazo wa konzi moja ndani yake. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe huku Ugogoni. Kama vumbi linapenya kibofu, kitambaa ulichojifunga mdomoni kitafanya nini?

Leo tunajua jina la kinachodhuru: silika (siyo ile silika ya kwenye somo la saikolojia, jamani). Chembe ndogo zisizoonekana kwa macho hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Seli zinazotumwa kuzisafisha huzimeza, nazo zinakufa, na mahali pale pafu hufanya kovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfungulia mlango kifua kikuu. Graniti, ambayo ndiyo vilima vyetu hivi vya Dodoma, ina silika kama theluthi hivi. Yale mawe ya kiwandani ya kaunta za jiko yanaweza kupita asilimia 90.

Tangu serikali ihamie kweli kuanzia 2016, mji huu unajengwa usiku na mchana. Kokoto zinagongwa kwa nyundo barabarani, graniti inakatwa kwa mashine uchochoroni. Binamu yangu ni mkataji. Ameshatibiwa kifua kikuu mara mbili, mara zote makohozi hayakuonyesha vijidudu, na mara zote hakuna aliyemuuliza anashinda wapi. Siyo kwamba nchi haijui. Watafiti wa hospitali ya Kibong'oto wameikuta silikosisi kwa wachimbaji wa tanzanaiti Mererani. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003 na inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi. Tatizo mgonga kokoto wa barabarani mwajiri wake ni nani? Ni tumbo lake.

Ramazzini naye hakuwa na amri juu ya tajiri yeyote. Mwaka huo huo wa 1700, akiwa na miaka 67, aliitwa kufundisha Padua. Macho yake mwenyewe yakawa yanazima, lakini mwaka 1713 alitoa toleo la pili lenye kazi nyingine zaidi. Alifariki kwa kiharusi tarehe 5 Novemba 1714. Kwa wachonga mawe ushauri wake ulikuwa mfupi, wajitahidi wasivute vumbi, na naona hapo ndipo kitabu chake kilipo dhaifu, maana mtu hawezi kuchagua asipumue akiwa kazini.

Njia ambayo tayari inajulikana ni maji. Jiwe likikatwa huku linamwagiwa, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope na kudondoka chini. Pale anapofanya binamu mashine ina sehemu ya kuunganisha mpira wa maji. Haijawahi kuunganishwa. Maji yanakuja kwa madumu, na anayenunua dumu ni fundi, kwa hela yake.