JAMES WATT, FUNDI ALIYETAFUTA KASORO YA MVUKE

Wazee wa Kasongo na Kabambare waliosafiri kwa reli ya Kindu–Kongolo, iliyokwisha kujengwa mwaka 1910, walijua nguvu ya mvuke. Leo tunaeleza maisha ya mtu mmoja aliyeifahamu nguvu ile kushinda wengi.

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa Greenock, Uskoti. Utotoni alikuwa na afya dhaifu, ndiyo sababu mama yake alimfundisha nyumbani. Alipokuwa kijana alijifunza kutengeneza vyombo vya kupimia, na mwaka 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kazi.

Katika masika ya baridi ya 1763–1764 walimletea mfano mdogo wa mashini ya Newcomen, ile iliyovuta maji katika migodi tangu 1712. Walikuwa wamekwisha kuipeleka London kwa fundi, bila kufaulu. Watt aliitengeneza, ikapiga mara chache tu, halafu ikasimama. Mtu mwingine angeongeza moto. Yeye aliuliza: huu mvuke unapotelea wapi?

Alipima. Akaona kwamba mvuke unaweza kuchemsha maji baridi yenye uzito wake mara sita hivi. Akashangaa, akamwuliza rafiki yake Profesa Joseph Black, naye akamweleza habari ya joto linalojificha ndani ya mvuke. Kumbe kasoro ilikuwa hii: kila pigo, maji baridi yalimwagwa ndani ya silinda, nayo ikapoa. Mvuke mpya ulipoingia, sehemu kubwa iligeuka maji kwa kupasha tu chuma kile.

Siku moja ya Jumapili mwaka 1765, akitembea uwanjani Glasgow, jibu likamjia: mvuke upozwe katika chombo kingine, pembeni, na silinda ikae moto siku zote. Lakini kutoka wazo mpaka mashini nzima ilikuwa safari ndefu. Hati ya uvumbuzi alipata mwaka 1769. Mwaka 1773 mke wake akafa, na mwenzake wa biashara, Roebuck, akafilisika. Mwaka 1775 akashirikiana na Matthew Boulton wa Birmingham, na mwaka 1776 mashini zao za kwanza zikaanza kazi.

Tena, katika baridi ya 1784–1785, alijaribu kupasha moto chumba chake cha kuandikia kwa mvuke. Alitengeneza sanduku bapa la bati, na tiyo ikaleta mvuke toka chini. Aliweka robine ndogo ya kutoa hewa, sababu hewa ikifungwa ndani, mvuke haupiti. Joto halikutosha kama alivyotumaini. Mwaka 1804 John Leslie alionyesha kwamba bati linalong'aa linatoa joto kidogo kushinda lililopakwa masizi. Hata leo, katika nyumba za zamani za Ulaya na Marekani zenye mvuke, fundi anauliza vile vile: hewa imefungwa wapi? Maji yametuama wapi, hata tiyo inagonga kama nyundo?

Jambo moja hatulifichi. Baba yake alifanya biashara na visiwa vya Karibi, vilivyolimwa na watumwa, na mwaka 1762 James mwenyewe alikuwa na mkono katika kuuzwa kwa mtoto mweusi aitwaye Frederick kwa jamaa moja ya Uskoti. Sisi wa Kasongo na Kabambare, ambao njia za watumwa zilipita kwetu siku za Tippu Tip, hatuwezi kusoma jambo hilo na kupita kimya. Akili kubwa ya mtu haifuti machozi ya mtoto.

Watt alikufa tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na miaka 83. Jina lake ndilo tunalolisoma juu ya kila lampi: wati.

Basi wenzetu, hesabu ikikataa au pompi ikisimama, tusikimbilie kuongeza nguvu. Tupime kwanza, tuulize nguvu inapotelea wapi. Na tukikumbuka jina la Watt, tukumbuke na la Frederick.