Zeno: Mfanyabiashara aliyepoteza mzigo wote baharini, akaibukia barazani

Alikuwa na mzigo wa bei mbaya melini. Bahari ikauchukua wote.

Huyo ni Zeno, aliyezaliwa Kition, kisiwani Cyprus, karibu mwaka 334 KK. Aliuza rangi ya zambarau, iliyotokana na konokono wa baharini na kupendwa na matajiri. Inasimuliwa kuwa meli ilivunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athens, Ugiriki.

Akiwa hana mbele wala nyuma, akaingia duka la vitabu na kusikia habari za Socrates zikisomwa. Akauliza watu wa aina hiyo wanapatikana wapi. Muda huohuo akapita mwanafalsafa Crates, muuzaji akamwambia amfuate yule.

Shida ikawa aibu. Crates akambebesha chungu cha supu ya dengu akatize nacho mtaa wa wafinyanzi. Zeno akawa anakificha. Crates akakipiga kwa fimbo, kikapasuka, supu ikamchuruzika miguuni mbele za watu. Jamaa akatimua mbio! Mwalimu akamwambia hakuna baya lililompata.

Somo likamwingia. Karibu mwaka 300 KK alianza kufundisha kwenye Stoa Poikile, baraza lenye michoro pembeni ya soko la Athens, ambapo kila mpita njia angeweza kusikia. Kutokana na jina la baraza hilo, wafuasi wake wakaitwa Wastoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, akikumbusha kuwa binadamu ana masikio mawili na mdomo mmoja.

Mfalme Antigonus wa Makedonia alimwita, hakwenda. Alituma wanafunzi wake. Alifariki karibu mwaka 262 KK, na Athens ikampa heshima kubwa ingawa alikuwa mgeni.

Leo baraza limehamia kwenye simu. Anayeuza viatu au keki Instagram na WhatsApp anakijua chungu kile: komenti moja ya kejeli, posti isiyopata laiki, na mtu anataka kufuta akaunti. Wastoa walifundisha kuwa maneno ya watu hayako mikononi mwako. Kusema ukweli kuhusu bidhaa na kumjibu mteja kwa utulivu, hayo ni yako.

Inasemekana Zeno baadaye aliihesabu ajali ile kuwa safari yake yenye faida kuliko zote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.