C. G. Schillings, Mpiga Picha wa Usiku

Wanafunzi wa Baray wamezoea kuwaona watalii wakishuka kutoka Karatu kwenda Ziwa Eyasi, kila mmoja na kamera yake shingoni. Lakini ni wachache wajuao kwamba baadhi ya picha za kwanza mashuhuri za simba na fisi, zilizopigwa usiku porini, zilitoka katika nchi hii yetu, upande wa mashariki ya hapa tulipo, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mtu aliyezipiga alikuwa Mjerumani, jina lake Carl Georg Schillings.

Bwana Schillings alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Düren, magharibi ya Ujerumani. Tangu ujana wake alipenda sana uwindaji. Nchi yetu ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, alikuja huku mara kadhaa, na safari zake kubwa zilikwisha mwaka 1904. Alitembea chini ya Mlima Kilimanjaro, kandokando ya Mto Pangani na katika nyika ya Wamasai. Alikuja na bunduki, akaua wanyama wengi, akapeleka ngozi na mifupa yao Berlin ili wataalamu wapate kuichunguza. Hata fisi mmoja mwenye milia alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake.

Pamoja na bunduki alichukua kamera. Mchana kazi haikuwa ngumu sana, lakini wanyama aliowataka hasa hutoka usiku, na wakati ule hapakuwa na flashi ya umeme. Kilichokuwapo ni unga wa kumulika, uliobuniwa Ujerumani mwaka 1887. Ulikuwa mchanganyiko wa magnesi na dawa nyingine, nao ukiwashwa ulilipuka kwa mwanga mkali na moshi mwingi. Unga huo ulikuwa wa hatari, na wapiga picha wengi wa zamani waliungua kwa ajili yake. Huko Marekani, Bwana George Shiras alikuwa amekwisha kuwapiga picha kulungu usiku, akiwa ndani ya mtumbwi. Schillings alitaka kufanya hivyo kwa simba.

Basi alifunga kamera yake imara karibu na maji au karibu na chambo, akatandaza kamba njiani. Mnyama alipoigusa kamba, unga ulilipuka na picha ikapigwa, bila mtu yeyote kuwapo. Mara nyingi chambo kilikuwa punda au ng'ombe aliye hai, jambo ambalo leo tungeliona ni ukatili. Tukumbuke pia kwamba mizigo yote, pamoja na vioo vizito vilivyotumika badala ya filamu, ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika. Bila wao hapangekuwa na picha hata moja.

Shida kubwa ilikuwa kupatanisha mambo mawili: mwanga na kilango cha kamera. Kukiwa na giza totoro, mtu aweza kukiacha kilango wazi mpaka mwanga utokee. Lakini jioni, au penye mbalamwezi, kilango kilichoachwa wazi huiharibu picha. Tena unga haukuwaka mara moja ukazimika; mnyama alipata nafasi ya kuruka, na sura yake ikawa ukungu. Ilipasa kilango kifunguke wakati ule ule mwanga ulipofikia ukali wake. Kwa hiyo Schillings alishirikiana na kiwanda cha Goerz cha Berlin ili kupata vyombo vilivyofaa kazi yake. Alishindwa mara nyingi, lakini hakuacha.

Mwaka 1905 alitoa kitabu chake, ambacho jina lake maana yake ni Kwa Mwanga wa Ghafla na kwa Bunduki. Kilisomwa sana, kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata alitoa kingine, akakipa jina la leleshwa, kichaka ambacho Wamasai wanakijua vizuri. Wakati huo moyo wake ulikuwa umegeuka. Aliona jinsi wanyama walivyokuwa wakimalizwa kwa ajili ya pembe, ngozi na manyoya, akatumia sifa aliyoipata kuwatetea. Alifariki Berlin mwaka 1921.

Shida aliyohangaika nayo Schillings ingali yatukabili sisi tunaopata kamera kongwe ya filamu na kutaka kuitumia pamoja na flashi ya umeme ya siku hizi. Flashi ya namna hiyo ilitokana na kazi ya Bwana Harold Edgerton wa Marekani. Mwanga wake hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kamera nyingi za zamani zina pazia lenye upenyo mbele ya filamu. Ukiweka mwendo wa haraka, flashi itamulika ukanda mwembamba tu, na sehemu nyingine ya picha itabaki nyeusi. Afadhali uweke mwendo wa polepole, kama 1/30, ili pazia liwe wazi lote.

Kama kamera ina alama za M na X, chagua X. Alama ya M ilikuwa ya balbu za zamani, zilizochelewa kidogo kuwaka. Ukiitumia, flashi ya umeme itakuwa imekwisha kumulika kabla kilango hakijafunguka. Na kama kamera haina tundu la waya wa flashi, iweke juu ya meza gizani, geuza kwenye alama ya B, fungua kilango, washa flashi kwa mkono, kisha funga. Lakini usithubutu kufungua tumbo la flashi yenyewe, maana ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Tangu mwaka 2010, wataalamu waliweka Serengeti kamera zaidi ya 200 zilizojipiga zenyewe kila mnyama alipopita. Hazikuhitaji kamba wala punda, lakini ni wajukuu wa kamera ile ya Schillings. Mtu huyo aliacha ngozi na mifupa mingi katika makabati ya Berlin, na ni wataalamu wachache tu wanaoiona. Picha zake zilionwa na maelfu, nazo ziliwafundisha kwamba mnyama aliye hai ana thamani kuliko ngozi yake. Kwetu sisi tuishio chini ya Ngorongoro, hilo ni jambo la kufikiriwa.