MUHAMMED SAID ABDULLA (1918-1991), MWANDISHI WA HADITHI ZA BWANA MSA

Mwaka huu tumechagua kuwaelezeni maisha ya mzee wetu Muhammed Said Abdulla, aliyewafanya wasomaji wa Kiswahili wakeshe na kitabu mkononi kutaka kumjua muuaji ni nani.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi. Mkaguzi wa afya haridhiki kuambiwa kuwa maradhi yamekuja tu. Hutafuta yametokea wapi. Kwa maoni yetu, tabia hiyo ndiyo tunayoikuta baadaye katika vitabu vyake.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Alisaidia pia uhariri wa Al-Falaq na Afrika Kwetu, magazeti yaliyokuwa ya pande mbili tofauti katika siasa za Zanzibar za wakati ule. Kuanzia 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akaendelea nalo hadi alipostaafu mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi.

Katika miaka hiyo ya kazi ndipo alipoandika hadithi yake ya kwanza ndefu, Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957-58, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na ikatoka kitabu mwaka 1960. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu.

Humo tunakutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, mpelelezi asiyekuwa askari, ambaye kiko hakimtoki mdomoni. (Kiko hatuwausieni, akili yake ndiyo tunayoisifu.) Yuko pia rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Mwandishi alivutiwa na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, lakini Bwana Msa amemfanya Mswahili kamili. Na tazameni herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi: M, S, A.

Katika hadithi hiyo Bwana Ali anauawa, na maiti yake inaonekana penye mzimu, mahali panapoogopwa na watu. Palipo na hofu ya namna hiyo ni rahisi kila mtu kufunga mdomo, na muuaji akajificha nyuma ya mzimu. Bwana Msa hakubali. Anauliza, anapima maneno ya kila mmoja, na mwisho anaonyesha kuwa mkono uliotenda ni wa binadamu.

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968. Sote tumesikia Giningi inavyosimuliwa kuwa ni mji wa wachawi. Baada ya kustaafu kalamu ilikwenda mbio: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kosa la Bwana Msa kilitoka mwaka 1984, naye ana miaka sitini na sita. Alifariki mwaka 1991. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunapata mafunzo gani?

Kwanza, tusikubali hofu iwe ushahidi. Hata leo, mtoto akiugua au mali ikipotea, baadhi yetu hukimbilia kusema jirani ni mchawi. Watu wasio na hatia wamevunjiwa heshima, na wengine wameuawa, kwa maneno kama hayo. Dini yetu imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha tukaja kujuta. Bwana Msa ni wa kubuni, lakini somo hilo ni la kweli.

Pili, kazi ya mshahara haimzuii mtu kuandika. Mzee wetu alipata tuzo akiwa mfanyakazi, kisha akangoja miaka minane baina ya kitabu cha kwanza na cha pili. Wewe uliyekata tamaa kwa insha moja kupata alama ndogo, hebu ihesabu miaka hiyo.

Tatu, Kiswahili chake ni cha nyumbani, chenye utani na methali. Anayetaka kuandika vizuri na asikilize wazee wake wanavyozungumza.

Wazazi, kitabu kizuri cha hadithi si adui wa masomo. Mtoto akimaliza kusoma, muulizeni: ulimshuku nani, na kwa ushahidi gani? Akizoea kujibu hivyo kitabuni, inshaallah atajibu hivyo hivyo siku jirani atakaposingiziwa.