Mwenda Jean Bosco: Mkono Uliotangulia Jina

Wapo wapiga gitaa waliojulikana kwa sura zao, na wapo waliojulikana kwa bendi zao. Marehemu Mwenda Jean Bosco, mtu wa Katanga katika nchi ya Kongo, alijulikana kwa mkono wake. Watu wa Kenya na nchi jirani walilijua pigo lake kabla ya kuijua sura yake, na wengine mpaka leo wanalijua pigo wala hawajui kuwa lina mwenyewe. Hapa kwetu Mwakirunge, huku bara ya Kisauni, nimelisikia likipigwa arusini na kijana aliyezaliwa baada ya Mwenda kufa, na hapakuwa na mtu mmoja aliyelitaja jina lake. Ndiyo sababu ya kumwandika.

Alizaliwa mwaka 1930, mtu wa kabila la Wayeke. Msomaji wa pwani asilipite jina hilo upesi. Asili ya Wayeke ni Unyamwezi. Walihamia Katanga katika karne ya 19 wakiongozwa na Msiri, ambaye alijenga mji wake Bunkeya akatawala biashara ya shaba na pembe, na ya watumwa pia, tusifiche. Misafara ilitoka huko ikaja mpaka pwani yetu, na mingine ikaelekea upande wa Angola. Msiri aliuawa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwezi wa Desemba 1891, lakini Kiswahili kilichopita katika njia zile hakikufa naye, na baadaye kikawa ndicho lugha ya wafanyakazi wa migodini. Nacho ndicho alichokiimbia Mwenda. Kwa sikio la mtu wa Mvita ni Kiswahili cha kuchekesha kidogo. Mke kwake ni muke, na ngeli nyingine zimekwenda zake. Basi na tucheke, hapana ubaya, ila tusisahau kilianza safari yake wapi.

Mwaka 1952 alikuwa kijana wa miaka 22 au karibu na hapo, akiishi Jadotville, mji wa migodi ya shaba ambao siku hizi unaitwa Likasi. Huko alikutana na Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa akizunguka nchi hata nchi na mitambo yake akinasa nyimbo za Waafrika. Tracey akamrekodi. Katika nyimbo hizo ulikuwamo mmoja uitwao Masanga, na huo ukapewa tuzo ya Osborn na Chama cha Muziki wa Afrika. Santuri zake zikauzwa kusini na mashariki ya Afrika, zikamtangulia mahali ambapo mwenyewe alikuwa hajafika.

Sasa nieleze pigo lenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Sisi tuliolelewa kwenye tarabu tumezoea udi, na udi hupigwa kwa risha: mkono mmoja, risha moja, sauti inakwenda kama mtu anayesema. Mwenda hakutumia risha. Alitumia vidole vitupu, na vidole vyenyewe ni viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutembea kwa mwendo wake, halikawii wala haliharakishi. Cha shahada kinacheza juu katika nyuzi nyembamba, na kinacheza kwa hesabu yake mwenyewe. Kinatangulia, kinachelewa, kinajibu, kinauliza tena. Mtu anayesikiliza bila kumwona mpigaji huapa kwamba wako wawili, pengine watatu. Jaribu wewe: gonga meza kwa mkono wa kushoto mara tatu katika muda ule ule ambao mkono wa kulia unagonga mara mbili, kisha uimbe juu yake. Ukishindwa usione haya. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya gitaa la Mwenda mwaka 1961 na kuuendeleza mwaka 1962, akijitahidi kuandika kwa noti vile vidole viwili vilivyokuwa vikifanya. Na neno aliloliweka katika kichwa cha makala yake ni lile la kutunga papo kwa papo. Mwenda hakuwa mtu wa kukariri, kila alipourudia wimbo alikuwa na la kuongeza.

Mwisho wa miaka ya 1950 alifika Nairobi, akakaa kwa miezi, akasikika redioni katika kipindi kilicholipiwa na watengenezaji wa dawa ya Aspro. Binamu yake Edouard Masengo naye alikuja Nairobi, akawa anaitangaza Coca-Cola kwa gitaa. Dawa ya kichwa na soda! Lakini hayo matangazo ya biashara ndiyo yaliyolifikisha gitaa la Katanga kwenye vibanda vya chai na majumbani. Vijana walitega masikio, kisha wakashika magitaa yao na kutafuta. Hawakuwa na mwalimu wala kitabu. Wengine walifunga penseli kwa kamba kwenye shingo ya gitaa ili wapandishe sauti. Huko magharibi ya Kenya watu kama George Mukabi, aliyekufa mwaka 1963, walichukua namna ya kupiga kwa vidole wakaichanganya na mwendo wa kwao, pembeni mtu akigonga chupa ya soda, ukatoka mtindo wa omutibo.

Mimi nilimgundua Mwenda kwa njia ya jaa. Mwakirunge yetu inajulikana mjini kwa jaa la taka la Mombasa, na wako watu wanaopata riziki yao kwa kuokota vinavyofaa. Mmoja wao aliniuzia mfuko wa kaseti kwa bei ya chai. Nyingi zilikuwa zimeliwa na jua. Moja ikalia, nayo haikuwa na maandishi yoyote. Nilipolisikia lile gitaa nilisimamisha kaseti, nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena, na siku ile sikufanya kazi nyingine. Nadhani kila mpenda muziki ana siku yake kama hiyo, nami sikuwa kijana tena. Jirani yangu mzee, ambaye zamani alifanya kazi Nairobi, ndiye aliyenifumbua. Haikumaliza hata dakika moja akataja Masanga na akamtaja Bosco, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya arusi yake.

Kijana niliyemtaja mwanzo, fundi wa pikipiki, aliipata nyimbo kwenye kaseti hiyo hiyo. Alikaa nayo miezi mitatu mpaka vidole vikatii. Anapiga vizuri, simnyimi haki yake. Lakini katika arusi ile watu waliitunza nyimbo kama yake, naye akapokea. Nilipomwambia amtaje Mwenda kabla ya kupiga alicheka, akasema watu wametaka kusikia gitaa, hawakutaka hadithi za Kongo. Mpaka leo tunashindana juu ya hilo.

Simlaumu kwa kuiga. Mombasa nzima imelelewa na kuiga. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na hapana mtu wa Mji wa Kale aliyemwita mwizi. Huko Marekani, kwa watu wa muziki wa roki, Jimi Hendrix aliuchukua wimbo wa Bob Dylan wa mwaka 1967 uitwao All Along the Watchtower, akaupiga mwaka uliofuata kwa gitaa la umeme, na wako wengi wanaodhani ni wake Hendrix. Tofauti ni kwamba jina la Dylan limeandikwa kwenye sahani ile, na anayetaka kulijua atalijua. Kaseti ya Mwakirunge haina kitu. Pigo likipita mikono mitatu bila jina, wa nne hana hata pa kuulizia.

Na Mwenda hakuwa mtu wa kupotea. Julai 1969 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport huko Marekani, mwezi mmoja tu kabla Hendrix hajapiga Woodstock. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, naye mpiga gitaa, alifunga safari mpaka Shaba, kama Katanga ilivyokuwa ikiitwa wakati ule, kuwatafuta mabingwa wa gitaa wa zamani na kukaa chini yao kama mwanafunzi, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo kilichotoka mwaka 1982. Mwaka huo huo Mwenda alizunguka Ulaya. Ajabu ni kwamba wakati huo huku kwetu bendi kubwa za umeme zilikuwa zimekwisha kulifunika gitaa la mtu mmoja, na vijana waliliona ni mambo ya wazee.

Yeye mwenyewe hakuliachia gitaa limlishe peke yake. Alifanya kazi nyingine na biashara, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, na huko akanaswa tena, safari hii kwa mitambo ya kisasa, katika studio, akiwa mtu mzima wa miaka 58.

Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Sahani ya Cape Town ilitolewa Marekani mwaka 1994, na juu yake pameandikwa Mwenda wa Bayeke. Nimemwandikia fundi wetu wa pikipiki jina hilo kwa kalamu ya wino kwenye ile kaseti, pande zote mbili.