Abebe Bikila na Mguu Uliokataa

Msimu wa riadha za shule unapowadia katika kaunti yetu ya Taita Taveta, yako majina mawili ambayo walimu wa michezo hawachoki kuyataja mbele ya wanafunzi. La kwanza ni la John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuteguka goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. La pili ni la Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekimbia miguu mitupu katika barabara za Roma mwaka 1960 akaishangaza dunia. Majina hayo hutajwa kwa nia njema, lakini aghalabu hutajwa mbele ya mtoto anayechechemea. Mtoto huyo husimuliwa habari za mashujaa hao, kisigino chake kikafungwa kitambaa, kisha akarudishwa uwanjani.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Voi, na linalonikera ni kwamba maisha ya Bikila husimuliwa nusu. Hadithi hukomea Roma, au ikienda mbali sana, Tokyo. Nusu iliyobaki, ambayo kwa hakika ndiyo inayomhusu mtoto anayechechemea, huachwa kana kwamba ni aibu. Naomba niisimulie yote.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Siku iyo hiyo marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa Los Angeles, Marekani, na waandishi wa maisha yake wameipenda mno sadfa hiyo. Alikulia katika kuchunga mifugo. Alipokuwa kijana alishika njia ya Addis Ababa, na katika miaka ya 1950 akaingia katika jeshi la walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikoonwa na Onni Niskanen, mwalimu wa michezo kutoka Uswidi, ambaye alimfundisha kukimbia kwa mpango na kwa kipimo badala ya nguvu tupu.

Habari za Roma zinajulikana, nami sitazirefusha. Viatu vilivyopatikana havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alikwisha kuzoea kufanya mazoezi bila viatu, akaviacha. Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960 alikimbia bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, na mwishoni akamwacha karibu na mnara wa Axum, ule ambao majeshi ya Mussolini yaliung'oa Ethiopia na kuupeleka Roma mwaka 1937. Mnara huo ulirudishwa kwao mwaka 2005. Bikila alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia kabla yake. Walimu wanaowaambia watoto kwamba viatu si lazima wangefanya vyema kuongeza kwamba Tokyo mtu huyo huyo alivaa viatu, na akakimbia kwa kasi zaidi.

Tokyo ndiko uliko mtego. Mnamo Septemba 1964, zikiwa zimesalia wiki tano hivi, Bikila alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani hatashiriki. Tarehe 21 Oktoba alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika nne mbele ya wa pili, na alipofika uwanjani akaanza kunyoosha viungo kwenye majani kama mtu aliyetoka matembezini. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Tangu siku hiyo imani ikajengeka kwamba mwili wa Bikila hauna kikomo, na kwamba yeyote mwenye moyo kama wake anaweza kuyashinda maumivu ya kila namna.

Imani hiyo inachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kidonda cha kupasuliwa huwa na damu nyingi inayokizunguka, nayo damu ndiyo hubeba vifaa vya ukarabati wa mwili. Kikishonwa vyema hufunga katika muda mfupi. Kano haina bahati hiyo. Kano ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, ambayo wengi wetu huiita mshipa. Damu ipitayo humo ni kidogo, na nyuzi zake hujisuka upya polepole mno. Ikichanika au ikichakaa, haiangalii kalenda ya mashindano.

Nayasema haya nikiwa na ushahidi mguuni. Huu ni mwaka wa tatu tangu kano ya kisigino changu cha kulia ianze kuniuma. Asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari. Nikitembea kidogo kano hupata moto na maumivu hupungua, na hapo ndipo ulaghai wake ulipo, kwa kuwa mtu hujiona amepona, akakimbia, kisha siku ya pili yake akalipa maradufu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniongoza katika zoezi lililoenea baada ya mwaka 1998, wakati daktari Mswidi Håkan Alfredson na wenzake walipochapisha habari za wakimbiaji 15 walioshusha visigino vyao polepole kutoka ukingo wa ngazi mara 180 kila siku kwa wiki 12, na wote wakarejea kukimbia. Tafiti za baadaye hazikupata matokeo mazuri kiasi hicho kwa kila mtu, na kwangu nafuu imekuja kwa kijiko. Hata hivyo kila siku nasimama kwenye ngazi ya ofisi ya walimu na kushusha kisigino huku wanafunzi wakicheka. Jioni naendesha baiskeli kuelekea Ikanga. Mlima Sagalla naupanda kwa mwendo wa kobe, na kushuka ndiko kunakonitoa jasho.

Turudi kwa Bikila. Mwezi wa Julai 1967 alikwenda Zarautz, nchini Hispania, mahali alipokuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Safari hii msuli wa nyuma ya paja ulimsaliti, naye hakumaliza. Msuli huo na kano zake, zile unazozigusa ukipapasa nyuma ya goti, hufanya kazi kama kamba moja, na ukishajeruhiwa ni mwepesi kujeruhiwa tena. Huo ukawa mwanzo wa mwaka mzima wa mguu usiokwisha kuuma. Mnamo Julai 1968 Mfalme alimpeleka Ujerumani kwa matibabu. Akarudi, akaendelea na mazoezi pamoja na wenzake. Zikiwa zimesalia siku chache kabla ya mbio za Mexico, maumivu yakazuka katika mguu wa kushoto, na madaktari wakakuta ufa katika ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Akashauriwa asiukanyagie mguu huo mpaka siku yenyewe.

Mji wa Mexico uko kwenye kimo cha mita kama 2,240, juu kidogo kuliko kilele cha Vuria, mlima mrefu kuliko yote katika milima ya Taita. Wakimbiaji wa nchi za tambarare walihofia hewa yake nyepesi. Bikila, mtu wa nyanda za juu, hakuwa na sababu ya kuihofia. Mapafu yalikuwa tayari na moyo pia. Tarehe 20 Oktoba 1968 alianza pamoja na wengine, na baada ya kilomita kama 16 akatoka barabarani. Msomaji wa hapa kwetu anaweza kuupima umbali huo kwa macho: ni sawa na mtu aliyetoka Voi kuelekea Wundanyi, akasimama kabla hata hajaiona Mwatate. Mwenzake Mamo Wolde, ambaye siku chache kabla alikuwa ameshindwa kwa kifua na Naftali Temu wetu katika mita 10,000, aliendelea na kuiletea Ethiopia ushindi wa tatu mfululizo wa marathoni.

Kwa hiyo barabara moja, siku moja, ilikuwa na Akhwari aliyeendelea na Bikila aliyesimama. Kwa nini tunamfundisha mmoja na kumficha mwingine? Simvunjii heshima Akhwari. Alikuwa mtu mzima, aliumia katikati ya mbio, na akajiamulia mwenyewe. Lakini Bikila alikuwa na jeraha la mwaka mmoja na mfupa wenye ufa, na ndiye bingwa aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza kwa kusimama. Waliokuwa wakimtazama walitoka kila pembe ya dunia. Nadhani kusimama kwake kulihitaji ujasiri usio mdogo kuliko ule wa Roma.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nisiyoitaja, nilimwona msichana wa kidato cha tatu akiingizwa katika mbio za mita 5,000 ilhali kisigino chake kilikuwa kimevimba kwa muhula mzima. Alikuwa amewaeleza wakubwa wake. Aliambiwa avumilie, kwani mvumilivu hula mbivu. Katika mzunguko wa nane alianguka akishika mguu kwa nyuma, na waliokuwa karibu walisema walisikia mlio kama wa ufito ukivunjika. Kano ilikuwa imekatika. Alimaliza masomo kwa magongo, na sijasikia kwamba alikimbia tena. Shule ilipata nafasi ya tatu katika mashindano hayo, ikapewa kikombe.

Yaliyompata Bikila baada ya Mexico yalizidi jeraha lolote la kano. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake dogo lilipinduka kaskazini ya Addis Ababa, naye akabaki amenaswa ndani mpaka asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, akakaa miezi minane. Mikono ilirudi, miguu haikurudi. Inaelezwa kwamba aliipokea ajali kama alivyoupokea ushindi, akisema vyote viwili vilikuwa majaliwa ya Mungu.

Stoke Mandeville haikuwa hospitali ya kawaida. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi, alianzisha huko kitengo cha waliopooza, na mwaka 1948 akaanzisha mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale kwa wagonjwa 16 waliokaa katika viti vya magurudumu. Kwake yeye mchezo ulikuwa sehemu ya dawa. Mashindano hayo yalikua hata yakafanyika Roma mnamo Septemba 1960, siku nane tu baada ya Bikila kushinda katika mji huo huo. Sidhani kama askari yule aliyekuwa akirudi nyumbani na medali yake aliwaza lolote juu ya watu hao wa viti vya magurudumu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Bikila alishika koleo jingine. Mwaka 1970 alishiriki mashindano ya Stoke Mandeville, akilenga mishale na kucheza mpira wa meza. Hakuwa bingwa huko. Alikuwa mwanafunzi, tena miongoni mwa watu waliomzidi ujuzi. Ningependa walimu wenzangu watulie kidogo hapa. Bingwa wa dunia anapokubali kuanza mchezo mpya akiwa nyuma ya wengine, amefanya jambo ambalo wengi wetu, tukinyimwa mchezo tunaoupenda kwa miezi mitatu tu, hatuliwezi. Mimi nilichukua mwaka mzima kuikubali baiskeli.

Mnamo Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima katika michezo ya walemavu. Hakuridhika kukaa na wageni. Alishindana kwa mishale na mpira wa meza, kisha akaingia katika mbio za sleji juu ya theluji, kitu ambacho mtoto wa Shewa hakukijua kabisa, na akashinda katika kundi la washindani 16.

Mwaka 1972 aliingia katika uwanja wa Olimpiki mjini Munich akiwa juu ya kiti cha magurudumu, na watu wakasimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya mwaka huo, alikwenda kumpa mkono.

Abebe Bikila alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na umri wa miaka 41, akaacha mke na watoto wanne. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wapatao 65,000 waliokwenda kumzika. Ilikuwa imepita miaka mitano na siku tano tangu atoke barabarani kule Mexico.