Mwimbishaji Enoch Sontonga na Daftari Lake



Wimbo wa Taifa tunaouimba tukiwa tumesimama wima, huku bondeni Mtowisa na kule juu Sumbawanga mjini, sauti yake haikutungwa kwa ajili ya taifa lo lote. Ilitungwa kwa ajili ya kwaya. Wengi wetu twaijua sauti tangu utoto wala hatumjui mwenyewe. Basi tumeona vema mwezi huu tusimulie habari zake.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa Uitenhage, Afrika ya Kusini, yapata mwaka 1873, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti. Johannesburg ulikuwa mji mchanga wa machimbo ya dhahabu, umeanzishwa mwaka 1886 tu, nao watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kazi. Mwalimu alikuwa pia mpiga picha. Alimwoa Diana, binti wa Mchungaji Mngqibisa, wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Alitunga nyimbo yeye mwenyewe, maneno na sauti, akaziandika katika daftari kwa tonika solfa, yaani zile zile do, re, mi ambazo walimu wetu wa kwaya huziandika ubaoni. Solfa haihitaji kinanda. Mwenye chaki na sikio zuri aweza kufundisha sauti zote nne hata chini ya mwembe, na ndiyo maana ilienea upesi hivyo katika misheni za Afrika. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, maana aliyaona mateso ya watu wake pale mjini. Hata hivyo zilipendwa, na waimbaji wake walizunguka wakiimba sehemu mbalimbali za Johannesburg.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika. Wako wanamuziki wanaosikia ndani yake mfano wa Aberystwyth, sauti ya Joseph Parry wa Wales. Huenda, na sisi hatuoni aibu hapo: mwalimu wa misheni aliyelelewa kwa tenzi atatungaje bila tenzi kuingia? Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, Mchungaji Boweni wa Wamethodisti alipowekewa mikono. Ulianza basi kanisani, kama sala.

Mwalimu hakuona yaliyofuata. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka thelathini na kitu tu.

Wimbo ukaendelea kutembea kwa miguu ya kwaya. Waimbaji wa Ohlange, kutoka Natal, waliuimba katika maonyesho yao Johannesburg. Tarehe 8 Januari 1912, mkutano ulioanzisha chama kilichoitwa baadaye ANC ulipomaliza sala ya kufunga, ukaimbwa. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 zikachapishwa beti saba zaidi za mshairi Samuel Mqhayi. Nasi Tanganyika tulipopata Uhuru mwaka 1961, tukaichukua sauti hiyo na kuipa maneno ya Kiswahili.

Wakati wote huo kaburi lake halikujulikana. Lilikuwa katika makaburi ya Braamfontein, na waliolitafuta walitaabika sana kwa sababu kitabuni lilikuwa limeandikwa jina la Enoch peke yake, bila Sontonga. Hatimaye lilipatikana, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua ukumbusho mahali hapo.

Daftari ndilo halikupatikana. Waimbishaji wengine waliliazima na kulirudisha, mwishowe likabaki kwa bibi mmoja wa ukoo, mpenzi mkubwa wa ngumi hata watu wakampa jina la utani kwa ajili hiyo. Bibi alipofariki, daftari halikuonekana tena. Wimbo ule mmoja ulipona kwa kuwa kwaya nyingi zilikuwa zimekwisha kuushika moyoni. Tukifikiri jinsi nyimbo za kwaya zetu wenyewe zinavyokaa katika daftari moja, nyumbani kwa mwimbishaji mmoja, na mchwa wa bondeni tunawajua, twaona habari hii si ya Johannesburg peke yake.

Bibi Diana aliishi mjane miaka mingi. Husemekana kwamba aliiuza haki ya wimbo ule kwa peni sita. Alikuwa bado hai mwaka 1925 ANC ilipouchagua uwe wimbo wa kufungia mikutano yake, akafariki mwaka 1929.